Nilivyompandisha shemeji yangu Mlima Kilimanjaro siku chache kabla ya harusi yake, na usiku wa kambi ya juu

Wakuu, salamu zenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nazima simu nalala. Leo nimeamua kuandika, tena kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnistahamilie nikichelewa.

Nitakayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe na sikuyatia chumvi. Nilichobadilisha ni majina, maana wengine wako hai na wajukuu zao wamo humu humu.

Ni mambo ya miaka ya hamsini. Najua wengi wenu hata baba zenu walikuwa hawajazaliwa, basi twendeni taratibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasomea ualimu Unguja mjini, na nilikuwa na kiburi. Hilo la kiburi nalitaja mapema ili msije mkanionea huruma pasipostahili.

Kwetu ni Mji Mkongwe. Baba yangu alikuwa serehangi, yaani mkubwa wa mabaharia, katika meli iliyokuwa ikienda Pemba. Kila likizo nilipanda naye, na kazi niliyopewa ni kuwashughulikia abiria wanaotapika.

Msicheke, ile ilikuwa kazi. Mkondo wa kule kaskazini ukichafuka, sitaha nzima inalala. Mimi napita na kikapu cha ndimu na tangawizi. Huyu anyonye, yule alale chali, yule afumbe macho. Na usimdekeze mtu. Akilia kuwa anataka kurudi, mwambie avumilie, kwa sababu meli hairudi bandarini kwa ajili ya kichefuchefu. Alfajiri tukifika, yule yule aliyekuwa akiaga dunia anaulizia chai.

Niliwaona wengi wa namna hiyo na hakufa hata mmoja. Kwa hiyo nilijihesabu daktari.

Sasa nije kwa Mbarouk.

Mbarouk alikuwa rafiki yangu tangu utotoni, chuo cha Kurani, tukichapwa bakora moja kwa kosa moja. Alikuja kuwa fundi saa, ana kibanda chake Darajani. Mwembamba, mpole, vidole vyake vinashika vidude ambavyo mimi hata kuviona sivioni. Alimposa dada yangu Rukia, akakubaliwa, na nikaha ikapangwa Ijumaa ya mwisho ya likizo yangu.

Mama yake, Bi Time, alikuwa mjane. Alizaa wanne, akazika watatu. Aliyebakia ni Mbarouk peke yake.

Na mimi katika msimu ule ule, joto la kaskazi limetukaa shingoni, nikapata wazimu wa mlima.

Nilikuwa nitafundisha jiografia. Kitabuni mna picha ya Kilimanjaro na barafu yake, na mimi nitasimama mbele ya watoto niwaeleze kitu nisichokijua. Unguja, wakuu, kilima tunachojivunia ni Masingini, na hicho hata baiskeli ya kukodi inakipanda.

Ami yangu mmoja alikuwa na duka Moshi. Nikamshika Mbarouk, nikamwambia twende kwa ami wiki moja. Tupande kidogo tu, kileleni hatufiki, tulale usiku mmoja kambi ya juu, asubuhi tushuke, tumemaliza.

Akaniambia yumo katika shughuli za harusi. Nikamwambia ukishaoa utatoka lini tena. Akakubali, kwa sababu hakuwa mtu wa kuniambia hapana. Na mimi nilikuwa nalijua hilo vizuri.

Nyumbani tukasema tunakwenda kumsalimia ami. Mlima hatukuutaja.

Mazoezi tulifanya kwenye ngazi za nyumba yetu. Kutoka chini mpaka juu ya paa, ghorofa tatu, kila mmoja ana kigunia cha mchanga mgongoni. Jirani akauliza kama tunahama. Rukia alikuwa amekaa kwenye ngazi anachagua mchele, kila tukimpita anatuangalia. Akaniuliza huko Moshi kuna nini kinachohitaji jasho lote lile. Nikamwambia kijana lazima anyooshe viungo.

Siku ya kuondoka Bi Time akaja mwenyewe kwetu. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwanangu Seif, nnakukabidhi," akaniambia. "Huyu ndiye nliyebakiwa naye. Amana hiyo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ndani ya shanta langu la mgongoni mna hema nililoazima skuli.

Wenye kujua wanajua, amana kwetu si neno dogo. Unaulizwa hapa na unaulizwa akhera. Tangu pale nikawa na kitu kimenikaa kifuani, lakini nikakifunika kwa maneno mengi.

Tukapanda meli mpaka Tanga. Njiani Mbarouk alitapika mpaka akabaki hana kitu, nikampa ndimu zangu, na tulipokaa kwenye treni ya Moshi alikuwa anakula kuku na kunisimulia habari za saa za Waswisi. Nikajiambia, unaona.

Ami akatutafutia kiongozi wa mlima, mtu wa Marangu anaitwa Elisante. Umri wake kama miaka thelathini, mkavu wa maneno. Alisema tulale kambi ya kwanza, iliyo msituni, na siku ya pili ndiyo tupande ya juu.

Nikapiga hesabu ya treni, meli na Ijumaa ya nikaha. Siku ya ziada hatukuwa nayo. Nikamwambia tutakwenda moja kwa moja mpaka ya juu kwa siku moja.

Elisante akatazama raba zetu za miguuni. Akatazama makabuti mawili tuliyoazima kwa askari mstaafu pale Moshi. Akasema amewahi kuwapandisha watu hivyo kwa haraka na akawashusha vibaya. Nikamjibu kwamba sisi vijana, na tumefanya mazoezi. Sikumwambia kuwa ni ya ngazi.

Akasema, "Sawa. Lakini mmoja akiugua, mwenye kuamua ni mimi."

Nikasema sawa. Kuyasema hayo tukiwa bado chini kulikuwa rahisi sana.

Tukaondoka mapema, Elisante na jamaa yake mmoja aliyekuwa mpagazi, na sisi wawili. Katika mashanta yetu mlikuwa na mikate ya mofa, halua, nazi mbili, chupa ya mafuta ya nazi na ndimu za kutosha kulisha meli. Elisante alipoziona nazi alimtazama mpagazi wake.

Njia ya msituni ilikuwa nzuri. Kivuli, maji yanatiririka, ardhi laini. Mimi natembea mbele na mdomo haufungi. Nilimsimulia Elisante habari zote za baharini, mawimbi ya Pemba, ndimu, tangawizi, kwamba dawa ya kila kitu ni kuvumilia. Alisikiliza tu.

Adhuhuri tukautoka msitu, na hapo kila kitu kikabadilika. Miti ikaisha, ikabaki nyasi na vichaka. Upepo ukawa baridi. Nikaanza kuvuta pumzi mara mbili pale ambapo moja ingetosha.

Mbarouk akaanza kubaki nyuma. Anatembea hatua kumi, anasimama, anashika magoti. Nikimgeukia anatabasamu.

Tulipopumzika Elisante akamuuliza, "Kichwa kinauma?"

Nikajibu mimi. Nikasema amechoka tu, hajazoea kutembea, kazi yake ya kukaa.

Elisante akamtazama Mbarouk usoni, anangoja. Mbarouk akaniangalia mimi. Akainamisha kichwa na hakusema neno, kwa sababu angesema, angenifanya mwongo mbele ya watu.

Wakuu, hapo ningekuwa na akili ningeliona. Niliona, ila niliogopa kuona.

Tulifika kambi ya juu jua linazama. Mawingu yote yalikuwa chini yetu, meupe mpaka mwisho wa macho, na kilele na barafu yake kiko pale kama mtu anaweza kukifikia kabla ya chakula cha usiku. Nilifurahi, sitawadanganya. Nilijiona mwanamume wa kwanza wa Unguja.

Tukasimamisha hema. Nikatoa chupa ya mafuta ya nazi nijipake usoni, nikakuta yameganda yote, bonge jeupe. Nikacheka, nikamwita Mbarouk aje aone. Hakuja. Alikuwa amelala hemani na raba zake miguuni.

Kisha akatapika.

Na hapa ndipo ilipo aibu yangu. Alipotapika, mimi nilipata nafuu. Mchana kutwa nilikuwa nina wasiwasi sijui nini kinamsumbua, na sasa nikaona kumbe ni kitu ninachokijua. Hii ni kazi yangu. Nikatoa ndimu, nikakata tangawizi, nikamlaza chali, nikamwambia afumbe macho.

Akanishika mkono wa kabuti. Akasema kwa sauti ndogo sana.

"Seif, turudi. Nnakuomba."

Nikamwambia, "Vumilia. Asubuhi utakula."

Maneno yale yale niliyokuwa nikiwaambia abiria wa Pemba.

Naendelea baada ya swala, wakuu.

Nimerudi.

Naona mmoja hapo juu ameuliza kwa nini hatukupiga simu kuomba msaada. Mwanangu, miaka hiyo simu Unguja nzima ilikuwa ya kuhesabu, na wewe unataka iwe juu ya mlima. Mwingine anasema nifupishe. Huyo asubiri, tumefika penyewe.

Elisante alikuja hemani mara moja kutuuliza kama tumekula. Mimi nikatoka nje kumpokea, nikamwambia Mbarouk amelala, usimwamshe. Mbarouk hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitako kwa sababu akilala alikuwa hapati pumzi.

Akaanza kukohoa. Mwanzo kikohozi kikavu, halafu kifuani mwake mkaanza kutoka mlio wa maji yanayochemka katika birika. Nikampandishia taa usoni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

Nikampa tangawizi nyingine.

Baadaye akaanza kuzungumza mambo ya dukani. Kuna mtu kaja kuchukua saa yake, nimfungulie. Nikamwambia hakuna mtu, tuko mlimani. Akasema ndiyo, anajua, lakini mtu anangoja nje. Kisha akasikia baridi, akataka kufunga kifungo cha kabuti. Alihangaika nacho. Alikishika, kikamponyoka, akakishika tena. Fundi saa yule, anayetia skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, hakuweza kufunga kifungo kikubwa cha kabuti la askari.

Hapo woga ukaniingia hasa.

Sikumuona Mbarouk tena. Nilimuona Bi Time. Nikaanza kuwaza simu ya maandishi nitakayoipeleka posta ya Moshi, itaandikwa vipi, kwa maneno mangapi, na nani atamsomea, maana hakujua kusoma herufi za kizungu. Nikawaza kwamba atakayemsomea ni Rukia. Nikawaza sanda. Nilipofika kwenye sanda nikajipiga kofi mwenyewe.

Na bado sikumwita Elisante.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii. Nikimwita, ndiyo nimekiri kuwa nilimdanganya mchana, na nilimdanganya jioni, na sikuwa nakijua nilichokuwa nakifanya. Nikajiambia ningoje alfajiri. Baharini siku zote ikifika alfajiri kichefuchefu huwa kinakwisha.

Nikawa nasikiliza kile kifua na nachungulia nje kama kumekucha.

Kikohozi ndicho kilichomleta Elisante. Alifungua mlango wa hema bila ya kubisha hodi, akanipokonya taa, akammulika. Akamwambia asimame atembee hatua tano. Mbarouk alipiga mbili, akaangukia kamba ya hema.

"Huyu anashuka sasa hivi," akasema.

Wakuu, nilibisha. Nilisimama mlangoni nikabisha. Nikamwambia giza, baridi, miguu haimshiki, tutamuua njiani. Nikamwambia mimi ninayajua mambo haya kuliko yeye, hafi mtu kwa kutapika, mwache mpaka asubuhi.

Elisante alikuwa anakunja blanketi. Hakunipandishia sauti.

"Kule kwenu baharini," akaniuliza, "mtu akizama mnamwambia avumilie mpaka asubuhi?"

Nikaondoka mlangoni.

Walimfunga mgongoni mwa mpagazi kwa blanketi, vile mama anavyombeba mtoto, na wakawa wanapokezana, mpagazi akichoka anachukua Elisante. Nilitaka na mimi nimbebe. Nilijaribu, nikapiga hatua chache, nikaanguka naye. Elisante akamchukua, akanitia taa mkononi. Akaniambia kazi yangu ni wao waone wanapokanyaga, nisifanye kitu kingine chochote.

Basi mimi nikabeba taa.

Hema, mashanta na nazi zetu tuliviacha huko huko.

Njia ile tuliyoipanda kwa maneno mengi niliishuka nalia. Taa inayumba, Elisante ananiambia niishike vizuri. Nikaweka nadhiri zote ninazozijua. Nikasoma kila nilichohifadhi chuoni.

Ili nijue kama bado yuko, nikawa namwita.

"Mbarouk."

"Naam."

Kila hatua chache namwita, naye anaitika. Ila kila akiitika sauti inapungua. Ikafika mahali naam yake ni pumzi tu. Kisha nikamwita, hakuitika. Nikamwita tena, hakuitika. Nikasimama, nikageuka, taa ikamulika kichwa chake kimelala begani kwa Elisante, mdomo wazi.

"Anapumua," Elisante akasema. "Tazama njia."

Sikumwamini. Nilitazama njia kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kutazama pengine. Toka pale mpaka miti ilipoanza sikumwita tena, kwa kuogopa kimya chake. Sijui ulikuwa muda gani. Nimeishi karibu miaka tisini na kipande kile bado ndicho kirefu kuliko vyote.

Kulipambazuka tukiwa tumeingia msituni. Hewa ikawa nzito na ina unyevu, inaingia kifuani. Kambi ya kwanza haikuwa mbali. Nikazima taa, nikajikaza, nikamwita.

"Mbarouk."

"Naam," akasema. Halafu akauliza, "Saa ngapi?"

Nilikaa chini njiani pale pale, kwenye tope. Mpagazi alicheka. Elisante hakucheka, lakini alisimama akaninyooshea mkono kuninyanyua.

Kambi ya kwanza Mbarouk alikunywa chai nusu kikombe. Mlio wa kifuani ulikuwa umepungua. Tuliendelea kushuka, na kabla ya adhuhuri alikuwa anatembea mwenyewe, kajiegemeza kwa mpagazi, anauliza hema letu liko wapi. Wenye utaalamu humu watanieleza vizuri ni nini kile. Mimi baadaye sana ndiyo nilikuja kuambiwa kuwa ugonjwa wa mlima dawa yake ni moja, kuteremka, na kila saa unayongoja unamchimbia mtu kaburi.

Tulipofika Marangu nilimshika Elisante mkono nimshukuru. Yeye akasema, "Siku nyingine mtu akiulizwa habari ya kichwa chake, mwache ajibu mwenyewe." Akaaga akaenda zake kulala. Sikuwahi kumuona tena.

Kwa ami tulisema Mbarouk kapata homa. Alilala siku mbili, akapata nguvu, tukarudi.

Sasa wakuu, mngedhani kisa kimekwisha. Mtu kapona, tumefika Unguja siku tatu kabla ya Ijumaa. Lakini mimi wasiwasi wangu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Mbarouk alikuwa amebabuka midomo, macho yameingia ndani, nguo zimempwaya. Jambo lile lingefichika wapi?

Bi Time alikuwa anatungoja kwetu, na Rukia yuko nyuma ya pazia la chumba. Bi Time akamtazama mwanawe, akamshika uso, akamgeuza huku na huku. Kisha akanigeukia mimi.

"Amana yangu umeifanya nini?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo kusema kweli, au angalau nimejiambia hivyo miaka yote.

Mbarouk akaniwahi. Akasema mama, tulipanda mlima, kosa letu sote wawili, tukakuficha. Akasema yeye aliugua huko juu, akawa wa kufa. Akaninyooshea kidole.

"Seif ndiye aliyenishusha. Kanibeba mgongoni usiku kucha mpaka chini."

Bi Time alinishika mikono yote miwili akaibusu. Mtu mzima yule, wa mimi kumwamkia shikamoo, ananibusu mikono. Nyuma ya pazia nikamsikia Rukia analia.

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema hapana, sikubeba mtu mimi, nilibeba taa. Neno moja tu lingetosha. Nikanyamaza. Nikajiambia nitasema harusi ikishapita.

Harusi ikapita. Akazaliwa mtoto wa kwanza, wakampa jina langu. Mtoto akishapewa jina lenu, mtasema lini?

Kisa kile kikawa cha ukoo. Kila Sikukuu, kila harusi, kuna mtu atakianzisha. Mlima ukawa unarefuka, baridi inazidi, na mimi nazidi kuwa shujaa. Mbarouk mwenyewe ndiye alikuwa akikisimulia vizuri kuliko wote. Na mimi nakaa pale, nainamisha kichwa, watu wanasema tazameni alivyo mnyenyekevu.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kujifariji. Nilijiambia Mbarouk usiku ule hakuwa na akili zake, aliona wateja wa saa mlimani, basi huenda kweli anaamini kuwa nilimbeba. Hajui. Nikaishi ndani ya hilo kwa zaidi ya miaka sitini.

Mwaka juzi akaugua, ugonjwa wa uzee, akawa hatoki kitandani. Nilikuwa nakwenda kila siku kukaa naye. Siku moja Rukia katoka kwenda uani, tumebaki wawili. Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu kujibu mimi alipoulizwa yeye, mpaka kusimama mlangoni kubisha.

Alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala.

"Nnajua," akasema. "Nlisikia kila neno. Ulisema hafi mtu kwa kutapika."

Nikamuuliza, kwa nini basi ulisema vile mbele ya mama yako?

Akavuta pumzi. Kisha akasema:

"Ningesema kweli, Rukia angebaki na mmoja, mume au kaka. Nlitaka abaki nasi sote."

Rukia akaingia na uji, tukanyamaza.

Mbarouk hakumaliza mwezi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku ya hitima, kisomo cha kumwombea, kaka mmoja wa ukoo alisimama kueleza wema wa marehemu, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele, akakisimulia kisa cha mlima. Watu wazima wakanigeukia wananitazama kwa heshima. Niliinamisha kichwa, safari hii kwa sababu sikuwa na pa kuyaweka macho.

Mafunzo niliyoyapata, kwa vijana mnaopenda safari za milima na mahema, ambao naona siku hizi ni wengi. Kujua jambo moja hakukufanyi ujue la pili linalofanana nalo. Mwenye mahali msikilizeni, hata kama mna vyeti. Na mwenzako akikwambia turudi, rudini, mengine mtajadiliana mkiwa chini.

Lakini sikuandika kwa ajili ya mafunzo. Nina shida na nyinyi.

Rukia yuko hai. Ana miaka themanini na kitu, akili zake timamu. Tangu mumewe afariki, kila Ijumaa ananipikia, na akinipakulia ananiambia yale yale, kwamba isingekuwa kaka yake asingekuwa na maisha yake.

Nataka kumwambia. Sitaki kufa na sifa isiyo yangu. Ila kila nikifikiria, naliona lile la Mbarouk. Yeye alinyamaza kwa ajili ya Rukia. Mimi nikisema sasa, nitakuwa nasema kwa ajili ya Rukia, au kwa ajili yangu nilale vizuri?

Nipeni mawazo yenu, na mwenye kutaka kunitukana atukane, nitasoma yote. Leo Jumatano. Keshokutwa ananingoja kula.